Watoto Wetu na Majira ya Nchi Yao

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeumba usiku na mchana, joto na baridi, upepo na mvua, Akavijaalia vyote kuwa ni ishara kwa wenye kutia akilini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu, jambo tunalotaka kulizungumza leo huenda baadhi yenu mkaliona ni dogo, la watoto wa chekechea, lisilostahili kupewa nafasi katika waraka wa darsa. Nasi tulidhani hivyo hivyo, mpaka mtoto wa miaka mitano alipotuuliza suali tukakosa jawabu.

Mwezi wa Oktoba tulikwenda bara kumzuru ndugu yetu mmoja, mtu wa Mombasa, aliyefungua duka katika mji wa Othaya, kusini ya Nyeri, chini ya milima ya Nyandarua. Kwa asiyeijua, ile ni nchi ya mabonde na migongo ya vilima. Sehemu za juu ni mashamba ya chai, na zilizo chini yake ni mashamba ya kahawa. Siku tuliyofika mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha. Udongo mwekundu ulikuwa umelowa, na kila mti ulikuwa ukichipua majani mapya.

Jioni mwanawe wa kike alirudi kutoka chekechea na karatasi mkononi. Palikuwa na picha ya mti unaopukutisha majani, na mtoto aliyevaa koti zito na shali shingoni. Mwalimu alikuwa amewaambia wayapake majani yale rangi nyekundu na ya manjano, na akawahifadhisha maneno ya Kizungu, ambayo maana yake ni kuwa Oktoba imefika, majani yanaanguka, siku zimekuwa fupi, na ndege wanahama kwenda nchi za joto. Mtoto aliyasoma yote bila ya kukosea hata neno moja, kama asomavyo Alhamdu, na baba yake akafurahi sana. Kisha mtoto akaenda mlangoni, akasimama akitazama miparachichi na migomba iliyokuwa ikichuruzika maji ya mvua. Akarudi akatuuliza: "Ami, mbona miti ya hapa haijui kuwa ni Oktoba?"

Waliokuwapo wote walicheka. Sisi pia tulicheka, lakini usiku ule suali lile lilitukosesha usingizi. Yatazameni vizuri maneno ya mtoto yule. Yeye hakusema kuwa karatasi imekosea. Alisema kuwa miti imekosea. Aliona mbele yake ishara za Mola wake, mvua inayonyesha na majani yanayochipua, na aliona mkononi mwake karatasi iliyochapishwa kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Akahukumu kuwa iliyo kweli ni karatasi, na yaliyokosea ni maumbile.

Ndugu zetu, huu ndio mwanzo wa taqlid. Mara ngapi tumelalamika katika darsa hii kuwa watu wetu hufuata bila ya kutazama, hukubali bila ya kuuliza dalili, na huambiwa neno wakalipokea kwa kuwa limetoka katika kinywa cha mkubwa au katika kitabu chenye jalada zuri? Twadhani ugonjwa huo huwashika watu wakiwa wazima. La! Huwashika wakiwa na miaka mitano, siku wanapofundishwa kuwa ilimu ni kile kilichoandikwa mbali, na kuwa macho waliyopewa na Mwenyezi Mungu si shahidi wa kutegemewa.

Majani Yaangukayo

Hapa hatuna budi tuwe waadilifu, kwani uadilifu ni katika dini. Karatasi ile haikusema uwongo. Majira ya majani kuanguka yapo, na ni ishara kubwa katika ishara za Mwenyezi Mungu. Dunia inapolizunguka jua haikusimama wima. Imeinama kiasi cha nyuzi 23 na nusu. Kwa kuinama huko, kuna miezi ambayo upande wa kaskazini hulielekea jua, ukapata mchana mrefu na joto, na kuna miezi ambayo huliepuka, mchana ukawa mfupi na baridi ikazidi. Katika Septemba, Oktoba na Novemba, miti mingi ya nchi zile huhisi kuwa mwangaza unapungua, ikaacha kutengeneza kile kinacholipa jani rangi yake ya kijani. Kijani kinapotoka hudhihiri manjano iliyokuwa imefichika chini yake, na baadhi ya miti hufanya wekundu. Kisha majani huanguka, ili mti upumzike na usalimike na baridi. Katika Suratul-An'am tumefahamishwa kuwa halianguki jani lolote ila Yeye Analijua. Basi nani atayadharau majani yale?

Tena kwa mtoto wa Kiislamu iko njia nyepesi ya kumfahamisha jambo hili kuliko kumpakisha rangi. Wengi wetu tuna jamaa London. Na aulizwe jamaa huyo: Magharibi huadhiniwa saa ngapi kwenu? Katika Juni atajibu kuwa jua huchwa baada ya saa tatu za usiku kwa hesabu yetu. Katika Disemba atajibu kuwa huchwa kabla ya saa kumi za alasiri. Lakini Othaya, ambayo iko karibu sana na mstari wa ikweta, wakati wa Magharibi haubadiliki hata kwa kiasi cha saa moja mwaka mzima. Mtoto akiyasikia haya atafahamu mara moja kwa nini miti ya London hupukutisha majani kwa baridi, na miti ya Othaya haina haja hiyo. Miti ya Othaya haikukosea. Kila mmoja umetii amri uliyopewa mahali pake.

Basi kosa haliko katika kuwafundisha watoto majira ya Ulaya. Kosa ni kuwafundisha hayo kwanza, na kuwafundisha hayo peke yake, na kuwaambia kuwa hayo ndiyo majira ya dunia nzima. Hata kule Afrika Kusini majani huanguka Machi mpaka Mei. Mwenye kuhifadhi kuwa "Oktoba majani huanguka" akifika huko atakuta miti inachanua maua!

Asubuhi katika Kahawa

Siku ya pili tulimchukua mtoto tukaenda naye kwa jirani, bibi mzee wa Kikikuyu mwenye shamba dogo la kahawa. Mvua ilikuwa imepumzika. Bibi alimkaribisha mtoto, akamwonyesha mikahawa, na mtoto akapiga ukelele wa furaha, kwani kwenye matawi kahawa zilikuwa zimeanza kuiva, nyekundu kama alivyoipaka rangi ile karatasi yake. Kumbe Oktoba ya Othaya nayo ina wekundu wake! Ule wa Ulaya ni wa jani linalokufa; huu ni wa tunda linaloiva. Kwani mavuno makubwa ya kahawa ya Nyeri huanza katika miezi hiyo, Oktoba mpaka Disemba, baada ya maua yaliyochanua kwa mvua za mwanzo wa mwaka.

Tulikumbuka kuwa katika Suratul-An'am hiyo hiyo Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuyatazame matunda ya mti unapozaa na yanapoiva. Mtu asome aya ile mara mia, kisha asimpeleke mwanawe hata mara moja kutazama tunda linavyogeuka rangi, je, huyo ameifuata amri?

Tukamuuliza bibi majira ya nchi yake, akayahisabu kwa vidole bila ya kusita, nayo ni manne. Mbura ya njahi, ndiyo mvua kubwa inayoanza Machi, na njahi ni jamii ya fiwi. Magetha ma njahi, ndiyo mavuno ya mvua hiyo. Mbura ya mwere, ndiyo mvua ndogo inayoanza Oktoba, na mwere ndiyo mawele yetu. Na magetha ma mwere, ndiyo mavuno yake mwanzoni mwa mwaka. Kisha akatueleza juu ya baridi ya Julai, ambapo mawingu huifunika nchi siku baada ya siku, manyunyu yakaanguka, na majani ya chai yakachelewa kukua, hata mchumaji hurudi na kikapu chepesi.

Majira manne, tena kila moja limeitwa kwa chakula ambacho Mwenyezi Mungu Analeta ndani yake. Ilimu hii haikutoka ng'ambo. Ni ilimu ya watu waliotazama mbingu na ardhi yao miaka mingi. Mtoto yule amezaliwa Othaya, na hapana aliyemwambia hata neno moja katika hayo, si nyumbani kwao wala chekechea.

Upepo Mmoja, Nchi Tatu

Sasa na tuwageukie nyinyi mlioko pwani, msije mkasema kuwa haya ni mambo ya watu wa bara. Ile baridi ya Julai ya Othaya yatoka wapi? Yatoka baharini kwetu. Ndio ule upepo wa kusi unaovuma pwani tangu masika, ukachafua bahari hata wavuvi wakafunga ngalawa zao. Hupanda bara umebeba unyevu, ukagonga miinuko, ukawa mawingu na manyunyu. Na upepo huo huo wa kusi hauishii hapa. Huvuka ikweta, ukageuka, ukavuma kutoka kusini-magharibi mpaka ukafika bara Arabu, ukailowesha milima ya Dhofar, katika nchi ya Oman.

Na hapa pana mazingatio makubwa. Lugha ya Kiarabu inalo neno la majira ya majani kuanguka, nalo ni kharif. Watu wa Sham wakisema kharif wanakusudia miezi ya Septemba mpaka Novemba, majani yanapogeuka manjano. Lakini watu wa Salalah wakisema kharif wanakusudia Juni mpaka Septemba, miezi ya ukungu na manyunyu, ambapo milima iliyokuwa mikavu hugeuka kijani, na watu wakaja kutoka pande zote za Ghuba kuitazama. Neno ni moja, lakini huku ni majani kuanguka na huku ni majani kuota. Waarabu wa Dhofar hawakuiambia milima yao kuwa imekosea kwa sababu ya neno. Waliitazama milima, kisha wakalitumia neno kwa yale waliyoyaona. Basi sisi tuna nini?

Je, Sisi Wenyewe Twayajua?

Tuliporudi dukani tulimuuliza ndugu yetu, baba wa mtoto: "Huu mwezi wa Oktoba, kwetu Mombasa waitwaje? Ni mchoo au ni vuli?" Akainamisha kichwa. Hakujua. Wala tusimlaumu peke yake, kwani miongoni mwetu tuliokuwa safarini walikuwamo wasiojua demani ni nini, na kipupwe ni lini.

Wazee wetu walikuwa na hesabu ya mwaka wa jua tangu Nairuzi, siku 365, waliyoigawa katika miongo, kila mwongo siku kumi. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua siku ya kupanda, na nahodha alijua siku ya kung'oa nanga. Kaskazi ilipowadia alitazamia majahazi ya Arabuni, na kusi iliposimama alijua kuwa ndio wakati wa kurejea kwao. Ni kweli kuwa katika sikukuu ya mwaka yaliingizwa mambo ya ushirikina, na wako masheikh walioyakataza, nao walikuwa na haki. Lakini sisi tumefanya nini? Tulipouondoa uzushi tuliiondoa na hesabu pamoja nao. Hesabu ya miongo si ibada wala si bid'a. Ni ilimu ya kuishi. Katika Surat Yunus vimetajwa jua na mwezi, na tumefahamishwa kuwa mwezi umewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Vyote viwili vimetajwa, jua na mwezi. Kwa mwezi tunafunga na kuhiji, na miezi yake hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua. Kwa jua tunalima na kuvua na kusafiri. Suratu Quraysh nayo imewakumbusha watu wa Makka neema ya safari zao mbili, ya kusi yao na ya kaskazi yao, tukipenda kusema hivyo. Yaani ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto. Lau majira yangekuwa ni jambo la upuuzi, yasingetajwa kuwa ni neema inayowajibisha kumwabudu Mola wa Nyumba ile.

Tena, ndugu zetu, jambo hili lina khatari yake hata katika maisha ya dunia. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Kenya, mifugo ikafa na watu wakashikwa na njaa. Mwaka uliofuata, 2023, vuli ilikuja kwa mafuriko. Barafu ya Mlima Kenya, ambayo watu wa Nyeri huiona asubuhi mbingu ikiwa safi, inazidi kupungua. Asiyejua ada ya mvua atajuaje kuwa mvua imevunja ada yake? Mtoto tunayemlea kwa majira ya karatasi atakuwa mtu mzima katika nchi ambayo hali yake inabadilika, naye hana la kulilinganisha.

Tufanye Nini?

Hatuwalaumu walimu wa chekechea. Wengi wao hufundisha kwa vitabu na picha walizopewa. Jukumu la kwanza ni letu wazazi, na halihitaji mali.

Kwanza, mpe mtoto kijiti akisimamishe uani. Adhuhuri inapokaribia mwonyeshe kivuli chake. Katika Juni kivuli cha mchana, Othaya na Mombasa pia, huelekea kusini, kwa kuwa jua liko kaskazini yetu. Katika Disemba huelekea kaskazini. Na Othaya, karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba, jua huja juu ya kichwa na kivuli karibu kipotee. Mwambie kuwa mvua kubwa mbili za mwaka hulifuata jua hilo linapopita juu yetu. Hapo atakuwa amejifunza majira, na wakati wa Sala, na dira ya Kibla, kwa kijiti kimoja.

Pili, mfundishe majira kwa tumbo na kwa macho. Embe zimekuja? Samaki wameadimika? Kahawa zimeiva? Leo upepo watoka baharini au watoka bara? Mtoto hukumbuka alichokionja.

Tatu, mvua ikinyesha msimfukuze ndani kila mara kwa ukali. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume s.a.w. alifunua sehemu ya nguo yake mvua ikamgusa mwilini, akaeleza kuwa mvua ile imetoka kwa Mola wake hivi punde. Naye akiiona mvua aliiombea iwe ya manufaa. Mfundisheni mtoto dua hiyo, naye anyooshe kiganja chake.

Nne, na hili ndilo kubwa, mwambieni ni nani Aletaye. Kule Hudaybiya, mwaka wa sita wa Hijra, mvua ilinyesha usiku, na asubuhi Mtume s.a.w. akawaeleza masahaba zake kuwa mwenye kusema mvua imetokana na fadhila na rehema za Mwenyezi Mungu huyo ndiye aliyemwamini, na mwenye kusema imeletwa na nyota kadha wa kadha huyo ameamini nyota. Kutaja sababu si dhambi; upepo ni sababu, na jua ni sababu. Dhambi ni kusimama kwenye sababu ukamsahau Mwenye kuzisababisha. Basi mtoto ajue vyote viwili: kusi, na Mwenye kuituma kusi.

Mwisho wa Maneno

Siku tuliyoondoka Othaya mtoto alituletea ile karatasi yake. Chini ya ule mti wa majani yanayoanguka alikuwa amechora mti mwingine, mfupi, wenye vidoto vyekundu vingi, na matone ya mvua. Akatuambia: "Huu wa London, huu wa kwa bibi." Hatukumsahihisha neno. Alikuwa ameviweka vitu viwili kila kimoja mahali pake, na hiyo ndiyo ilimu.

Ewe Mola wetu, tupe macho ya kuona ishara Zako zilizo milangoni mwetu, na Utujaalie tuwarithishe watoto wetu kutazama kabla ya kufuata. Utuletee mvua yenye manufaa isiyo na madhara, pwani na bara, na Uwarehemu wazee wetu waliotuhisabia miaka. Amin.